Mecano, Radio Futura, Héroes del Silencio au La Oreja de Van Gogh: uanze na nani katika pop rock ya Hispania?

Mtu anayeingia katika pop rock ya Hispania kwa mara ya kwanza hakosi nyimbo. Anachokosa ni mpangilio. Akifungua programu yoyote ya kusikilizia muziki, anakutana na albamu za zaidi ya miaka arobaini zilizorundikwa pamoja, ambamo bendi ya vinanda vya umeme ya mwaka 1982 imekaa jirani na bendi ya magitaa mazito ya mwaka 1990, kana kwamba wote waliimba jambo moja kwa hadhira moja. Makala hii inalinganisha bendi nne ambazo naona ndizo zinazomfaa msikilizaji anayeanza, na itazitaja nyingine chache pale zinaposaidia kuzielewa hizo nne.

Kipimo changu kikubwa kitakuwa maneno. Sisi tuliolelewa na taarabu na muziki wa dansi tumezoea kuufuata wimbo: nani anasemwa, fumbo limefichwa wapi, ubeti wa mwisho unafungwaje. Anayesikiliza kwa namna hiyo hatosheki na sauti tupu, hata ikiwa tamu kiasi gani. Na Kihispania kinamsaidia kuliko anavyodhani. Irabu zake ni tano, nazo hutamkwa karibu sawa na zetu. Herufi z, na c inapotangulia e au i, katika matamshi ya Madrid husikika kama th ya thelathini, j husikika kama kh ya kheri, ñ ni ny yetu, h haitamkwi. Kwa kanuni hizo chache, msomaji wa Kiswahili anaweza kuyasoma mashairi ya wimbo kwa sauti hata kabla hajajua maana yake. Isitoshe, yapo maneno ambayo Kiarabu kiliwaachia wao na sisi: azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, na laúd ni jamaa wa udi unaopigwa katika taarabu.

Kabla ya kuchagua: walipotoka

Chini ya utawala wa Jenerali Franco nyimbo zilipitia mikono ya wakaguzi kabla ya kutolewa, na vijana waliotaka kupiga rock mara nyingi waliazima lugha ya wenzao pamoja na magitaa. Mwaka 1966 bendi ya Los Bravos ilifika nafasi ya pili nchini Uingereza kwa kibao «Black Is Black», lakini kibao hicho kiliimbwa kwa Kiingereza, na mwimbaji wake alikuwa Mjerumani. Franco alifariki tarehe 20 Novemba 1975, katiba mpya ikapitishwa mwaka 1978, na Madrid ikajaa vijana waliotaka kusema mambo yao kwa maneno yao. Wengi huhesabu mwanzo wa vuguvugu hilo, lililoitwa La Movida, kuanzia tarehe 9 Februari 1980, siku ambayo bendi kadhaa zilikusanyika katika chuo cha uhandisi jijini humo kumkumbuka Canito, mpiga drumu kijana aliyefariki baada ya ajali ya gari. Nimelitaja tamasha hilo la maombolezo kwa sababu moja: baada yake, kuimba rock kwa Kihispania cha mtaani hakukuhitaji tena kutolewa sababu.

Mecano na Radio Futura: Madrid moja, masikio mawili

Bendi hizi mbili ziliishi mji mmoja katika miaka ile ile, na zote zilisimama mwaka 1992, ingawa Mecano walirudi kwa muda mfupi mwaka 1998. Hata hivyo, katika miaka hiyo aliyejiona mjuzi wa muziki aliipenda Radio Futura na kuidharau Mecano, akisema kuwa ni pop nyepesi ya watoto wa watu wenye nafasi. Naona dharau hiyo haikuwa ya haki, na ndiyo maana ninazilinganisha kwa kirefu.

Mecano walikuwa watatu: Ana Torroja aliyeimba, na ndugu wawili, Nacho Cano na José María Cano, waliotunga. Hawakuwa wakitunga pamoja. Kila wimbo ulikuwa wa huyu au wa yule, na ukizoea utaanza kuwatofautisha. Nacho anapenda vinanda na kiitikio kinachokamata mara moja. José María anapenda hadithi. Sauti ya Ana ni nyembamba na haina madoido, kila silabi inasikika, na mara nyingi anaimba maneno yaliyoandikwa kwa kinywa cha mwanamume bila kuyabadilisha. Mgeni anayejifunza lugha hatapata mwalimu bora wa matamshi.

Lakini kinachonifanya niwatetee ni utunzi. Chukua «Cruz de navajas», wimbo wa José María wa mwaka 1986. Mario anafanya kazi baa usiku, anarudi kukipambazuka. María, mkewe, wakati huo ndiyo kwanza ameamka, ameshasafisha nyumba na kuchemsha kahawa. Ndoa yao inaishi katika dakika chache za kupishana. Asubuhi moja Mario anawaona watu wawili wakibusiana mtaani, na anapokaribia anatambua kwamba mwanamke ni María. Kisu kinatoka. Kisha unakuja ubeti ambao mtunzi yeyote wa mashairi ya Kiswahili angeuheshimu: juu ya mwili wa Mario imo misalaba mitatu, mmoja kwenye paji la uso, ndio uliomuuma zaidi, mmoja kifuani, ndio uliomuua, na wa tatu ni uongo, umo gazetini, ambako imeandikwa kwamba waraibu wa dawa za kulevya walimpora na kumuua mume huku mkewe akishuhudia. Mtunzi hahubiri wala halaumu. Anaiweka habari ya gazeti mwishoni kama mpasho wa mtu aliyetulia, anamwachia msikilizaji ukweli mkononi.

Au chukua «Hijo de la luna», wa mtunzi huyo huyo na wa albamu hiyo hiyo. Ni hekaya kamili: mwanamke wa jamii ya Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, anauomba mwezi umpatie mume, na mwezi unakubali kwa sharti la kupewa mtoto wa kwanza. Baba ana rangi ya mdalasini, lakini mtoto anazaliwa mweupe pe, macho yake ya kijivu badala ya rangi ya zeituni. Baba anadhani amesalitiwa, na yaliyobaki msikilizaji wa ngano za pwani anaweza kuyakisia. Rangi ya mdalasini na rangi ya zeituni: sijui ulinganisho mwingine katika pop ya Ulaya ambao mtu wa Unguja au Lamu angeuelewa haraka kiasi hicho bila kueleweshwa.

Mecano hawakuishia Hispania. Waliimba upya baadhi ya nyimbo zao kwa Kifaransa na Kiitaliano, na tafsiri ya Kifaransa ya «Mujer contra mujer», wimbo wa upole kuhusu wanawake wawili wanaopendana, ilishika nafasi ya kwanza nchini Ufaransa mwaka 1990. Udhaifu wao upo, na hauna budi kutajwa: albamu zao za mwanzo, kuanzia ile ya mwaka 1982, zimejaa sauti za mashine za drumu ambazo zimezeeka vibaya. Msikilizaji mpya aziruke. Aanze na «Entre el cielo y el suelo» ya mwaka 1986, kisha aende «Descanso dominical» ya mwaka 1988.

Radio Futura ni jambo jingine. Ndugu Santiago na Luis Auserón walitoka Zaragoza. Santiago, mwimbaji, alisomea falsafa. Na gitaa la Enrique Sierra lilikuwa kavu, lenye kukata badala ya kumwaga. Swali lililowasumbua lilikuwa la ufundi: Kihispania kina mkazo wake na urefu wake wa maneno, kwa hiyo ukikipachika tu juu ya mapigo ya rock ya Kiingereza, maneno yanachechemea. Santiago alitafuta jibu ng'ambo ya bahari, katika muziki wa Waafrika wa Kuba, ambako Kihispania kilikuwa kimeshafunzwa kucheza. «Semilla negra» ya mwaka 1984, ambayo jina lake maana yake ni mbegu nyeusi, ni hatua ya wazi ya safari hiyo. Albamu ya «La canción de Juan Perro» ya mwaka 1987, iliyorekodiwa New York, ndiyo kilele chake. Baadaye Santiago alichukua jina la Juan Perro kuwa lake la kisanii, na akajitolea kuwatambulisha Wahispania kwa mabingwa wa zamani wa son, muziki wa dansi wa Kuba.

Hapa msikilizaji wetu ana faida ambayo kijana wa Madrid wa mwaka 1984 hakuwa nayo. Santuri za Kikuba zilifika Afrika tangu miaka ya 1930. Rumba ya Kongo ilikulia juu ya mapigo yale, na kutoka Kongo yakaingia katika dansi la Dar es Salaam na Nairobi. Kwa hiyo, lile ambalo Wahispania walilisikia kama ugunduzi, sisi tunalisikia kama jamaa aliyerudi kwa njia ndefu. Asitarajie sebene, maana hakuna. Gitaa la Sierra halipandi juu na kumwaga utamu kama mpiga solo wa Kikongo. Lakini katika «La negra flor», wimbo unaotembea katika mtaa wa Las Ramblas wa Barcelona, besi na ngoma zinaongea lugha ambayo miguu inaijua.

Ugumu wa Radio Futura ni maneno. Santiago Auserón anaandika kwa taswira, si kwa mfululizo wa matukio, na hata pale alipochukua shairi la Edgar Allan Poe na kuliimba kwa Kihispania, «Annabel Lee», ilibidi msikilizaji akae na maneno kwa muda. Kwa hiyo uamuzi kati ya hawa wawili si wa nani bora. Anayefuata maneno achague Mecano. Anayefuata besi, na ambaye redio ya nyumbani kwao ilipiga rumba kila Jumapili, achague Radio Futura. Mimi mwenyewe huirudia Radio Futura mara nyingi zaidi, ingawa kila mgeni humpa Mecano kwanza.

Héroes del Silencio, na jirani yao wa Barcelona

Nao pia ni watu wa Zaragoza, mji ambao kwa ukubwa wake umeipa Hispania waimbaji wengi kupita kiasi. Héroes del Silencio walipiga rock yenye giza, ya gitaa refu la Juan Valdivia na sauti nzito ya Enrique Bunbury, na albamu yao ya «Senderos de traición» ya mwaka 1990, iliyosimamiwa studio na Phil Manzanera, mpiga gitaa wa Roxy Music, ndiyo ya kuanzia. Kibao chake «Entre dos tierras» kilivuma hadi Ujerumani, ambako kumbi zilijaa vijana walioimba kwa Kihispania maneno ambayo wengi wao hawakuyaelewa. Walitengana mwaka 1996, wakarudi mwaka 2007 kwa ziara ya maonyesho kumi tu, Hispania na Amerika, kisha wakanyamaza.

Kwa mpenzi wa rock wa kweli, anayetaka drumu zigonge kifua, bendi hii haina mshindani kati ya hizi nne. Kwa mpenzi wa maneno nina mashaka. Fumbo la taarabu hufunguka kwa aliyelengwa. Mafumbo ya Bunbury mara nyingi hayafunguki kwa yeyote, ni ukungu mzuri unaopendeza machoni. Nimeyasoma mashairi ya albamu ile mara nyingi nikiwa na kamusi, na zipo beti ambazo nimeacha kuzihangaikia.

Ambaye anapenda gitaa la umeme lakini anatamani sauti inayokunjwa na kukunjuliwa kama ya mwimbaji wa taarabu, ninamshauri aende Barcelona kwa El Último de la Fila. Manolo García na Quimi Portet, kuanzia mwaka 1985 hadi 1998, walichanganya rock na flamenko na ladha ya Kiarabu bila kuufanya mchanganyiko huo kuwa pambo la watalii. Katika «Insurrección», wimbo wa albamu ya «Enemigos de lo ajeno» ya mwaka 1986, García anaivuta irabu ya mwisho na kuipindisha mara mbili tatu kabla ya kuiachia. Anayejua namna waimbaji wa Culture au Egyptian Musical Club wanavyoichezea irabu atageuza shingo.

La Oreja de Van Gogh mbele ya Amaral

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mambo yalikuwa yamebadilika. Bendi za vilabu vya Madrid zilikuwa zimevunjika, magitaa yenye kelele ya bendi huru kama Los Planetas wa Granada yalikuwa na wafuasi waaminifu lakini wachache, na redio zilitaka nyimbo ambazo mama na binti wangeziimba ndani ya gari moja. La Oreja de Van Gogh, vijana watano wa San Sebastián, mji unaojulikana kwetu zaidi kwa timu ya Real Sociedad, walikuja na hicho hasa. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1998, ya pili mwaka 2000, na ya tatu, «Lo que te conté mientras te hacías la dormida», mwaka 2003. Hii ya tatu ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu ya «Rosas» na kwa sababu Amaia Montero anaiimba kama anayesimulia rafiki yake mambo yaliyompata jana.

Kihispania chao ni chepesi, cha kila siku, sentensi fupi, wakati uliopita na uliopo. Mwanafunzi wa lugha atafaidika hapa kuliko popote. Watu husema wepesi huo ni upungufu, nami ningekubali kama wasingekuwa wametunga «Jueves», yaani Alhamisi, iliyotoka mwaka 2008 baada ya Amaia kuondoka na Leire Martínez kushika nafasi yake. Msichana mwenye haya anamtazama kijana anayepanda treni ile ile kila asubuhi. Kijana akipiga miayo, macho ya msichana yanajaa machozi; akimtazama, msichana anafumba macho, hathubutu kusema. Siku zinapita. Hatimaye wanazungumza, wanaingia kwenye handaki, taa inazimika. Na ndipo msikilizaji anapoelewa kwamba siku hiyo ni tarehe 11 Machi 2004, Alhamisi ambayo mabomu yaliua zaidi ya watu 190 katika treni za Madrid. Neno bomu halitajwi. Ingekuwa imeandikwa kwa Kihispania cha kifahari, isingefika mahali inapofika.

Amaral, yaani Eva Amaral na Juan Aguirre, nao ni wa Zaragoza, na mara nyingi huwekwa kapu moja na La Oreja kwa sababu walivuma katika miaka ile ile. Wana uzito zaidi. Sauti ya Eva ina mwili, inaweza kupanda bila kupiga kelele, na gitaa la Juan limejifunza kwa wazee wa rock. Albamu ya «Estrella de mar» ya mwaka 2002, yenye «Sin ti no soy nada», huwa haichoshi hata ukiirudia mwaka mzima, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu kila albamu ya La Oreja. Kisha mwaka 2011 walianza kutoa kazi zao kupitia kampuni yao wenyewe, hatua iliyowapa uhuru wa kuimba wanavyotaka. Nikilinganisha wawili hawa kwa ajili ya mtu anayetaka kujifunza lugha, nachagua La Oreja. Kwa ajili ya mtu anayetaka bendi ya kuzeeka nayo, nachagua Amaral.

Waliokuja baadaye nawapitia haraka, kwa kuwa wanaeleweka vizuri zaidi ukishawajua wa kwanza. Vetusta Morla wa Tres Cantos, karibu na Madrid, walitoa «Un día en el mundo» mwaka 2008 kwa fedha na lebo yao wenyewe, na kwa kufanya hivyo waliwaonyesha wengine kwamba kampuni kubwa si lazima. Arde Bogotá wa Cartagena ya Hispania, kwa albamu yao ya mwaka 2023, wamerudisha rock ya sauti nzito inayowakumbusha wengi Bunbury. Hao ni wa hatua ya pili.

Kwa mtu mwenye jioni moja tu, ushauri wangu ni huu. Atafute maneno ya «Hijo de la luna», ayasome kwa sauti mara moja kwa matamshi niliyoyaeleza juu, th na kh na ny mahali pake, bila kufungua kamusi. Kisha ausikilize wimbo. Asome tena akiwa na kamusi, asikilize tena. Akifika kwenye ubeti wa mwisho, ambapo mtoto akilia mwezi unapungua ili uwe susu lake, na akakuta ameuelewa kabla ya kutazama tafsiri, basi kesho yake aendelee na «Cruz de navajas». Akikuta miguu yake ilichoka kungoja hadithi iishe, aweke «La negra flor».